Mkate Mweusi wa Shangazi Tryphena

Siku Garland Blagdon alipomwona Tryphena Rideout kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa juu ya pipa. Pipa lenyewe lilikuwa la Garland. Alikuwa ameshuka melini asubuhi hiyo, fundi wa mapipa aliyehamia hori la Pinsent, kijiji cha wavuvi kwenye ghuba ndogo pwani ya Newfoundland, kutafuta kazi, na alikuwa amepanga mapipa yake gatini ili watu wayaone. Sasa mjane wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, amevaa buti za marehemu mumewe, alikuwa anapiga visigino juu ya kifuniko kama mvua ya mawe juu ya bati.

"Linalia vizuri," alisema, bila kushuka. "Wewe ndiye fundi? Mbona kimya? Au ulimi umeutia chumvi ukaufungia humu ndani?"

Garland alitaka kujibu. Jibu zuri lilimjia baada ya chakula cha jioni, akiwa peke yake.

Lakini kimya chake kilikuwa na mlango mmoja. Kodiani pekee ya hori ilikuwa imetafunwa na panya, na Garland alijua kuimba nyimbo za dansi kwa mdomo, bila maneno, mradi aachwe atazame ukuta. Kwa hiyo majira sita ya baridi yaliyofuata, yeye alitazama ukuta, naye Shangazi Tryphena, kama wote walivyomwita, akacheza. Ungepita nje ungejua ni yeye kwa kishindo cha miguu tu.

Kisha samaki wakakosa soko, na serikali ikaleta unga wa msaada. Ulikuwa unga wa kahawia, wenye pumba zake. Watu waliupokea wakiangalia pembeni, wakawapa kuku. Mkate wa kahawia mezani ulikuwa sawa na kubandika tangazo mlangoni kwamba humu wamefilisika. Tryphena alifuma soksi mpaka vidole vikauma, akazibadilisha kwa unga mweupe, akala mkate mweupe kwa chai na molasi, ile asali nyeusi ya miwa, asubuhi, mchana na jioni. Kuku wake walinenepa.

Krismasi ikafika, na kama kawaida watu wakajifunika nyuso kwa mapazia, wakavaa nguo za wengine, wakazunguka nyumba kwa nyumba ili wenyeji wakisie ni nani. Kwa Hezekiah Keeping, mwenye duka, aliingia mmoja aliyevaa koti la mvua. Garland akageukia ukuta, akaimba. Mgeni akacheza. Nyayo zake zilidondoka sakafuni paf, paf, kama samaki wabichi wanaotupwa gatini.

"Huyu ni jirani yangu Selby, amelewa," alisema Hezekiah.

"Selby hawezi kucheza vibaya hivyo," alijibu mkewe.

Hakuna aliyepatia. Mgeni akafunua pazia: Tryphena. Nyumba nzima ikacheka, ikamsifu kwa kubadilisha hata miguu. Naye akacheka. Garland peke yake aliona jinsi alivyoshika meza kwa mikono miwili, akitazama chini kuhakikisha miguu ipo.

Tryphena akajitibu mwenyewe kwa dawa ya hori: mafuta ya ini la samaki. Na kwa kuwa kijiko ni kizuri, akaona kikombe kitakuwa kizuri zaidi. Alikunywa kikombe kila siku kwa wiki sita. Miguu ikabaki na ganzi, na juu ya hayo akapata kichwa cha kupasuka, kizunguzungu na ngozi ya kubanduka.

Mwezi wa pili Nesi Cobham alifika kwa sleji, gari la theluji linalovutwa na mbwa. Garland alikuwepo, anakaza pete za ndoo ya Tryphena. Nesi alimgonga Tryphena goti kwa nyundo ndogo. Mguu ukaning'inia tu.

"Mafuta, kijiko kimoja kinatosha," alisema nesi. "Yakizidi yanapanda kichwani. Na miguu ina njaa ya kile kilicho kwenye pumba. Vitamini. Mishipa ya fahamu haiendi bila hiyo. Tazama kuku wako wanavyoruka, mama. Nani amekula chakula chako?"

"Kuku hawana majirani, nesi."

"Ukiendelea hivi hutainuka kitandani. Na baada ya miguu ni moyo."

"Sitaki mtu afungue mlango wangu akute njaa imekaa mezani."

Garland akaondoka na kuacha nyundo yake. Aliharibu mikate mitatu kabla ya kupata wa nne. Kesho yake alisimama mlangoni kwa Tryphena na kitu kilichofungwa kwa kitambaa.

"Ni wa molasi," alisema. "Umezidi nyumbani kwangu."

Mkate wa molasi ni mweusi siku zote. Hata wa tajiri ni mweusi. Tryphena akaunusa, akamtazama, akakata kipande. Mkate ukaendelea kuzidi kila siku, mpaka barafu ikavunjika.

Mwezi wa nne alilalamika kwamba vidole vya miguu vinamchoma kama sindano, na Garland akarudi nyumbani anaimba barabarani, bila ukuta. Mwezi wa saba Tryphena alipanda juu ya pipa. Haikuwa mvua ya mawe tena. Ilikuwa mvua ya kawaida, lakini ilinyesha.

Vuli hiyo binti yake aliyeolewa Boston akamwita akaishi naye. Hori zima lilikuja gatini. Tryphena aliwabusu wote, akamfikia Garland mwisho, akamvuta sikio mpaka mdomoni kwake.

"Pumba zilinikwama menoni tangu kipande cha kwanza, mjinga wewe. Niandikie unavyouoka. Huko hakuna anayenijua, nitauweka dirishani."