Mgongo wa Baba na Mnazi Uliosingiziwa

Mimi nilikuja duniani kwa kutanguliza miguu. Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyenipokea, na hakuchoka kulisimulia jambo hilo kwa kila aliyepita mlangoni petu Tongoni, ati kichwa changu kilikawia mpaka akakata tamaa. Kwetu mtoto wa namna hiyo hana raha. Watu wanaamini nyayo zake zina dawa ya mgongo. Mwenye kiuno kilichokaza hulala kifudifudi, mtoto akamkanyaga mara tatu kwenda na mara tatu kurudi, na mgonjwa akiinuka hujinyoosha na kusema alhamdulillahi, hata kama bado kinamuuma.

Nilianza kazi hiyo kabla sijaota meno ya pili. Jumapili walikuja vibarua wa mashamba ya mkonge, watu wa bara, wametoka kanisani na rozari zao shingoni. Siku nyingine walikuja wavuvi, wapagazi, na wanawake waliobeba maji maisha yao yote. Walileta mayai, boga, na mara moja kuku wa jicho moja. Nami nilikuwa na kiburi, nisiseme uongo. Watoto wenzangu walikaa chini ya upenu wakicheza kete kwa pingili kavu za mgongo wa papa, mimi nikaitwa ndani na mwanamume mwenye ndevu aniambie, mama, hebu nisaidie. Umri wangu miaka tisa! Nilikuwa nikipita mbele ya wenzangu bila kuwatazama.

Migongo niliijua kwa vidole vya miguu. Ukiacha nyama na mafuta ya nazi aliyopaka bibi, chini kuna pingili, moja juu ya nyingine kama za muwa, na kila mtu ana zake. Za vibarua wa mkonge zilikuwa zimebanana. Za wavuvi zilipinda upande mmoja. Za baba zilikuwa zimenyooka kuliko zote, na nilimkanyaga yeye kwa mchezo tu, jioni moja moja, kwa sababu alipenda.

Nyumba yetu ilikuwa ya watu watatu: bibi, baba na mimi. Mama alikuwa ameachwa zamani, akaolewa Pemba na mkulima wa karafuu. Baba alikuwa mkwezi. Aliangua nazi za watu toka kwetu mpaka njia ya magofuni na mbele zaidi, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuanguka. Hilo ndilo lililokuwa jina lake. Mkwezi mwenzake akivunjika mguu, baba alikwenda kumtazama na kitoweo mkononi, lakini ulimi wake haukumwacha. Alikuwa akisema, "Mnazi haumtupi mtu. Mtu hujitupa." Wagonjwa walimchukia kwa maneno hayo, nao walikuwa na haki.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, baada ya masika, mgongo wake ukaanza kumuuma. Kwanza alisema amelala vibaya. Mwezi ukapita, na wa pili. Jioni mwili ulipata moto, asubuhi shuka ilikuwa imelowa jasho, na kikoi alichokuwa akikifunga mara moja sasa kikamzunguka karibu mara mbili. Bibi alisema ni uchovu, akachemsha majani. Nikawa namkanyaga kila siku baada ya chai, na safari hii haikuwa mchezo.

Ndipo kidole changu kilipoikuta ile pingili. Katikati ya mgongo, mahali palipokuwa laini siku zote, kulikuwa na kinundu. Nilimwambia bibi. Akapitisha gumba lake, akafumba macho, akasema mfupa umetoka mahali pake na kilichotoka hurudishwa. Simlaumu sana. Vifundo vya miguu na mabega yaliyoteguka aliyarudisha kila wiki, tena vizuri, watu wakaenda zao. Aliijua mifupa iliyotoka. Mfupa unaooza ndani ya mtu mzima anayetembea hakuujua, wala mimi, wala mtu yeyote mtaani petu.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Baba alikuwa amesali kwa kukaa wiki tatu, na jambo hilo lilimtia haya mbele ya watu. Alitaka siku hiyo aende msikitini na asimame kwenye safu kama wengine. Akalala juu ya jamvi, bibi akampaka mafuta, akaniambia niache kutembea, nisimame hapo hapo penye kinundu, kwa kisigino. Nilisita. Baba akasema huku uso wake uko chini, "Tia uzito, mwanangu. Usiniogope."

Nikainua mguu mmoja, nikasimama kwa kisigino cha pili. Kitu kikabonyea chini yangu, taratibu, kama kifuu kilichooza. Baba hakupiga kelele. Alivuta pumzi tu, akaiweka ndani muda mrefu. Nilishuka. Alipotaka kuinuka, mikono ilimsukuma, kifua kikanyanyuka, lakini miguu ilibaki pale ilipokuwa. Akaigeukia na kuitazama kwa hasira, kama mtu aliyetuma watoto dukani wakagoma.

Bibi aliketi chini akashika kichwa. Mimi nilikuwa nimekwisha kimbilia mlangoni. Baba akaniita, nikarudi, akanishika mkono na kusema polepole kwamba leo asubuhi alipanda mnazi wa nyuma ya jiko kuangua madafu mawili, kamba ya miguuni ikakatika, akaanguka. Akamtazama mama yake. Bibi akasema ndiyo, nimeona mwenyewe. Hivi ndivyo watu wazima wawili walivyonijengea ukuta mbele ya macho yangu, kwa sentensi mbili. Maana mtoto mwenye miguu ya dawa akimvunja baba yake mgongo, nani angemtaka tena? Angeambiwa ana mkosi. Asingeolewa hata na kichaa.

Aliubebesha mnazi hatia yangu, naye akatoa jina lake la mkwezi asiyeanguka. Nililijua hilo pale pale, utoto wangu wote haukunizuia kulijua.

Walimpakia kwenye lori la mkonge, juu ya kitanda cha kamba, mpaka hospitalini Tanga. Daktari alikuwa mgeni, Kiswahili chake cha kuombea maji, kwa hiyo aliuliza kupitia kwa dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda, mwanamume mnene aliyevaa kaptula nyeupe. Miguu ilikuwa bado ina uhai kidogo. Daktari alipokuna wayo kwa ufunguo, vidole vilicheza. Alikuna tena, akatikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikaona bibi anatabasamu.

Dresa akauliza, "Kabla ya kuanguka, mgongo ulikuwa unakuuma?"

Baba akasema, "La. Nilikuwa mzima." Maana mwenye mgongo mbovu hapandi mnazi.

Akaulizwa habari ya homa. La. Jasho? La. Kukonda? Akasema watu wa kwao wote ni wembamba. Nilifungua mdomo. Sijui nilitaka kusema nini, nilikuwa mtoto. Dresa aliniona.

"Binti, una la kusema?"

Mkono wa baba ulikuwa juu ya mkono wangu. Aliufinya kidogo sana.

Nikasema, "Sina."

Wakapiga picha ya eksirei. Dresa alituonyesha kwa wema, akaiinua dirishani: pingili moja ilikuwa imekunjika mbele kama kipande cha mkate kilichokaliwa. Daktari akasema ndivyo hasa wanavyokuwa walioanguka minazini, amewaona wengi. Wakamvika plasta toka kwapa hadi nyonga, wakamlaza wiki kadhaa, kisha wakamrudisha nyumbani apone.

Tuliporudi tukakuta ule mnazi wa nyuma ya jiko umekatwa. Kwetu mnazi uliotupa mtu hauachwi umesimama, usije ukauzoea mchezo huo. Wakwezi wenzake walikuja kuukata kwa mapenzi, wale wale aliokuwa akiwasema. Hakuna aliyemrudishia maneno yake. Laiti wangemrudishia! Walikaa naye, wakala moyo mtamu wa kilele cha mnazi ule ule, wakamwambia pole ndugu yetu, mnazi hauna rafiki. Baba alitafuna na kuitikia. Mimi nilikataa kula, bibi akanipiga kofi.

Ndani ya plasta ile akaendelea kukonda. Mwanzo hata kidole hakikupita kati ya plasta na mbavu; ilifika siku nikapitisha mkono mzima kumkuna. Homa za jioni hazikuondoka. Siku ya kurudi hospitali ilipofika, baba alisema atakwenda mwezi ujao, na mwezi ujao akasema hivyo hivyo, na bibi hakumsukuma, kwa kuwa wote wawili waliogopa maswali. Mpaka kinena kikamvimba, jipu kubwa lisilo na moto. Vidole vya miguu vilikuwa vimeacha kucheza zamani. Safari ya pili tulimkuta daktari mwingine. Akatoboa lile jipu, akatazama usaha, wala hakuuliza habari ya mnazi. Baba akalazwa karibu mwaka, akichomwa sindano kila siku. Ugonjwa ukafa, sisi hatukuambiwa jina lake. Miguu haikurudi.

Mimi sikumkanyaga mtu tena. Vibarua walikuja Jumapili, bibi akawaambia dawa imefungwa. Nilikua nikiamini kisigino changu ndicho kilichomlemaza baba. Nilikuwa nikikisugua kwa jiwe kila nikioga, mpaka kikatoka damu.

Miaka ya hamsini ilipokaribia kwisha nikachukuliwa kufunzwa uuguzi Tanga. Baba ndiye aliyesisitiza, bibi akiwa amekwisha fariki. Darasani kulikuwa na mifupa ya mtu mzima, imetundikwa kwa ndoano, na wenzangu walikataa kuikaribia. Mwalimu wetu, mama mkali aliyevaa soksi hata kaskazi ikipamba moto, aliniamuru nihesabu pingili kwa mkono. Saba za shingo. Kumi na mbili za mgongo. Tano za kiuno. Nilizishika moja moja, nikajua kwa nini nyayo zangu zilizifahamu. Akatuambia twiga naye, pamoja na shingo yake yote ile, ana saba tu kama sisi. Tulicheka, hata mimi.

Kisha akaingia kwenye maradhi. Akasema kifua kikuu si cha kifuani peke yake. Hushuka mgongoni, kikala pingili kwa mbele, kidogo kidogo kama mchwa, huku mgonjwa ana homa za jioni, jasho na kukonda. Siku moja pingili hukunjika. Kila alichokitaja nilikiona kwenye jamvi letu. Niliinua mkono, nikauliza, je, kama mgonjwa alikanyagwa?

Alisema kukanyaga ni ujinga, lakini pingili iliyokwisha kuliwa hivyo itakunjika hata mtu akikohoa, kama si leo, wiki ijayo. Akaendelea, na maneno haya ninayo mpaka leo: "Wanaopotea ni wale wanaoficha. Wakisema kweli, sindano zinaanza siku hiyo hiyo, na wengi ambao vidole bado vinacheza hutembea tena. Mficha maradhi, kilio kitamfichua."

Nilitoka nje nikavua kiatu bustanini. Miaka yote nilikuwa nikikichukia kisigino bure. Kilichomlemaza baba ni uongo wake alioutunga kwa ajili yangu, na neno langu moja, sina. Niliona uchungu ambao sikuwa na pa kuuweka, na nikamkasirikia yeye, wallahi, nikamkasirikia kwa kunipenda vile.

Likizo ilipofika nilikwenda Tongoni nimeazimia kumwambia. Nilimkuta uani, juu ya kitanda cha kamba, anasuka kamba za makumbi. Kisiki cha ule mnazi kilikuwa pale pale, yeye hukitumia kuwekea kikombe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akataka kujua nimefundishwa nini. Nikaanza na twiga. Akacheka mpaka akakohoa, akasema basi Mungu kamnyima twiga pingili akampa urefu. Nikasogea karibu ili niseme lililonileta.

Yeye akatangulia. Alishusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu.

"Lile jambo letu. Hukumwambia mtu huko?"

"Sijamwambia mtu, baba."

"Hata daktari?"

"Hata daktari."

Akakitazama kisiki, kisha akanitazama mimi na sare yangu nyeupe, toka kichwani hadi viatuni, kwa raha ambayo sikuwahi kuiona kwake tangu alipokuwa akipanda minazi.

"Basi mgongo wangu haukupotea bure," alisema.

Maneno niliyokuja nayo kutoka Tanga nikayameza. Nilichukua chupa ya mafuta ya nazi, nikaketi miguuni pake, nikaanza kumpaka nyayo, wayo mmoja kisha wa pili, na yeye akaendelea kusuka, kwa kuwa hakujua kama nimemshika.