Ukuta wa Mama Mdogo Keji

Harufu ya samadi mbichi iliyokandwa na majivu haipendwi na wengi, na sitawadanganya kwamba inafanana na asumini. Lakini mimi ikinipata njiani husimama. Juzi jirani yangu hapa Ediofe, mjini Arua, alikuwa akikandika upya jiko lake la uani, mikono imezama topeni hadi viwiko, nami nikipita na kikapu changu cha sokoni. Nikasimama hadi akaniuliza kama kuna kitu nimepoteza. Nilimjibu kwamba natazama tu. Kumbe moyoni nilikuwa nimeshafika Kuluba, nina miaka minane, na meno ya mbele sina.

Kila likizo ya Desemba mama yangu alinitoa Arua na kunipeleka kwa mama yake, Bibi, huko Kuluba upande wa Koboko. Alisema ni ili nisiwasahau watu wangu. Nadhani alitaka pia kupumua, maana nilikuwa mtoto wa maswali. Kwa Bibi aliishi mdogo wake mama, yaani Mama Mdogo Keji, ambaye mumewe alikuwa ng'ambo ya mpaka, Kongo, akipasua mbao. Keji alikuwa mrefu, mwenye kicheko kilichosikika hadi kisimani, na mwaka huo alikuwa na mimba ya kwanza. Alikuwa ameizoea kama mtu aliyezoea mzigo mzuri, anaiwekea mikono juu huku akiongea.

Desemba ilikuwa majira ya kuta. Mavuno yamekwisha, mvua imekatika, na kila mwanamke anasiriba nyumba yake kabla ya Krismasi, asije mgeni akakuta nyufa. Udongo mweusi ulitoka bondeni, mwekundu kwenye vichuguu, mweupe kando ya kijito. Weusi wa kumalizia, ule unaong'aa, ulitoka ndani ya betri kuukuu za redio. Kuziponda betri hizo kwa jiwe ilikuwa kazi yangu, na niliifanya kwa moyo wote. Bibi alisema kwa weusi ule mama yangu akija kunichukua itabidi aonyeshwe mtoto wake ni yupi.

Desturi ilikuwa kuchora mistari, pembe na miduara, na hapo basi. Sijui nani alianza jambo jipya. Nilichokikuta mwaka ule ni kwamba mwanamke mmoja wa karibu na kijito alikuwa amechora daraja lisilo na katikati, kwa sababu ndivyo lilivyokuwa daraja lao. Watu walicheka sana. Kisha mwingine akachora shule iliyong'olewa paa, watoto wamekaa darasani na majani ya migomba vichwani kujikinga na mvua. Baada ya hapo kila ukuta uliotazama barabara ulikuwa na neno lake. Siku hizi nafundisha uchoraji hapa Arua, na vijana wangu wanapenda kusema vuguvugu la sanaa, sanaa inayohoji madaraka, nami naitikia kwa kichwa kwa sababu vitabu hivyo hata mimi nimevisoma. Wanawake wa Kuluba walisema tu, "Mwaka hii tunapaka mambo yetu." Kwenye mikutano walikaa nyuma, juu ya mikeka, na mwenyekiti alifunga mkutano kabla ya kuwafikia. Redio haikuwa yao. Ukuta ulikuwa wao, maana kwa desturi yetu mume hujenga, lakini kusiriba ni kwa mke, na hakuna mwanamume wa kumwambia aweke nini.

Mama Mdogo Keji alichora zahanati. Ilikuwepo kweli, mwendo mfupi kutoka kwetu. Ilijengwa, ikapakwa rangi nyeupe, ikafunguliwa kwa hotuba na mbuzi wa kuchoma, kisha ikafungwa kwa kufuli, kwa kuwa muuguzi hakuletwa. Nyasi zikaota hadi madirishani. Mwanamke akishikwa na uchungu ilibidi apelekwe Koboko mjini kwa pikipiki, na barabara ile mnaijua, au kama hamuijui, shukuruni.

Kwenye ukuta wake palikuwa na nyumba nyeupe, na mbele yake wanawake wenye mimba wamekaa chini, miguu wameinyoosha. Katikati kulikuwa na mlango mweusi, na juu ya mlango kufuli kubwa kama boga. Betri zangu karibu zote ziliishia kwenye kufuli hilo. Nilimuuliza kwa nini amelifanya kubwa hivyo.

"Mutu wa gari napita mbio," alisema. "Kama kufuli iko kadogo, yeye hapana ona." Kisha akaongeza, bila kucheka safari hii, "Mimi nataka zalia hapa, karibu na mama yangu."

Hilo ndilo alilotaka, wala hakumficha mtu. Alitaka mlango ufunguliwe kabla siku zake hazijatimia.

Habari zikaja kwamba mheshimiwa wa sehemu zile angepita kusalimia watu, na kwamba alikuwa amesikia habari za kuta na angependa kuziona. Wanawake walifurahi mno. Walikubaliana asimame Keji kando ya ukuta wake na aseme wazi habari ya muuguzi. Kwa siku kadhaa alijifunza maneno yake mbele yangu. Mimi nilikalia kinu kilichopinduliwa, nimejifunga matambara tumboni, ndimi mheshimiwa. Nilikuwa mheshimiwa mgumu. Kila alipomaliza nilimwambia arudi kesho, naye akacheka hadi akashika kiuno, akaanza tena.

Magari yakaja na vumbi lake. Mheshimiwa alikuwa mtu mchangamfu, mwenye shati jeupe na sauti laini, anajifuta uso kwa leso. Akaingia uwanjani kwetu. Na hapo likatokea jambo ambalo naamini lingeweza kutupata sisi tu. Alipokanyaga uwanja wetu akawa mgeni. Kwetu mgeni hapokewi kwa ukimya, na mwanamke humpa maji akiwa amepiga magoti. Bibi akapiga magoti na bakuli la maji. Keji naye, na mimba yake, akashuka polepole akapiga magoti. Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikapiga, kwa ulimi unaopenya kwenye pengo. Maneno ya Keji yalikuwa yamepangwa kusemwa wima, mtu akimtazama mtu usoni. Ukiwa umepiga magoti hayatoki. Alifungua kinywa, likatoka "Karibu, muheshimiwa."

Mheshimiwa aliutazama ukuta. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona mtu mzima akitazama picha. Halafu akacheka, akapiga makofi.

"Wamama, nyinyi iko mafundi!" alisema. "Hospitali ile tulijenga, leo iko mupaka kwa ukuta! Na wamama hawa wote nangoja huduma!"

Watu wake nao wakapiga makofi. Akamwita kijana wake wa kamera, akasimama mbele ya ukuta, akasogea kidogo kulia, akarudi kidogo kushoto, akatulia. Akamvuta Bibi upande huu na Keji upande ule, akatabasamu. Picha ikapigwa. Kisha tukagawiwa chumvi, sabuni, na fulana zenye uso wake, na wanawake wakapiga vigelegele tena. Msiwacheke. Chumvi ni chumvi.

Keji alijitahidi. Alimfuata hadi karibu na gari, akasema, "Muheshimiwa, ile mulango..."

"Nesi iko njiani, mama," alisema mheshimiwa, akimpapasa bega. "Nesi nakuja." Mlango wa gari ukafungwa.

Walipoondoka nilikasirika kwa hasira zote za mtoto wa miaka minane. Nilisema yule mtu ni mjinga, hajaona hata kufuli, tena kufuli kubwa hivyo! Wanawake walikaa, fulana mapajani. Walikuwa wamevikwa kilemba cha ukoka na kila mmoja alikuwa akikihisi kichwani. Bibi alisema tu, "Mugeni hapana pigwa na maneno ndani ya uwanja," akaenda kuihifadhi chumvi isipate unyevu.

Uchungu ulimshika Keji wiki chache baadaye, asubuhi, akiwa anapepeta ufuta. Bibi alifunga kanga na nguo kwenye furushi, akanikabidhi mimi nibebe. Akasema tupitie zahanati kwanza. Pengine nesi amefika, maana mtu mkubwa alisema kwa kinywa chake. Naikumbuka sauti ya Bibi akisema hivyo. Mpaka leo ikinijia nataka kulia. Tulikwenda polepole, Keji akisimama kila mara na kushika mti au bega langu, na mimi nikitamani niwe mrefu zaidi.

Pale mlangoni palikuwa na bango jipya lenye picha, gundi yake bado inang'aa. Nililitambua kabla yao. "Mama Mdogo," nilipiga kelele kwa furaha, "ukuta wetu! Tazama, ukuta wetu!"

Hakutazama. Alikaa chini mbele ya mlango, akanyoosha miguu. Bibi aliupiga mlango kwa kiganja, akaita hodi, akaita nesi, hali kufuli likiwa pale pale chini ya bango, na kutu juu yake. Aliita kwa muda. Sijui alikuwa akimwita nani.

Mtu akakimbia kutafuta pikipiki. Keji alipakiwa katikati, kati ya dereva na Bibi, na mimi nikaambiwa nisubiri pale barazani hadi mtu aje kunichukua. Wakasahau kuja, na sikuwalaumu. Nilikaa siku nzima na lile bango. Nilimwona Bibi, nikamwona Keji na uso wake wa kulazimishwa, nikawaona wanawake waliokaa chini na nyumba nyeupe. Nilitafuta kufuli langu, kazi ya betri zangu, sikuliona. Pale palipokuwa mlango palikuwa na shati jeupe la mheshimiwa. Nikaona ni bahati mbaya, amesimama vibaya.

Mtoto alizaliwa njiani, kabla ya Koboko. Alikuwa mvulana na hakulia. Keji alirudi akiwa hai, wakamzika mwanawe nyuma ya nyumba. Desemba iliyofuata aliusiriba ukuta wake kwa udongo mwekundu mtupu, bila hata mstari. Wenzake mmoja mmoja wakarudi kwenye pembe na miduara. Hakuna aliyewakataza.

Nilipokuwa mkubwa niliisimulia sana hadithi hii hapa Arua, kwa vijana wangu na kwa marafiki, kama hadithi ya mtu mkubwa asiyejua kusoma picha. Mwisho wake wa kusikitisha niliuruka. Watu walicheka, nami nilijiona nimelipiza kisasi kidogo. Hadi siku moja Mama Mdogo alikuja kunitembelea, mvi zimemjaa, nikaisimulia mbele yake na wageni wengine bila kufikiri. Wote walicheka isipokuwa yeye. Alingoja wanyamaze.

"Yeye iliona kufuli," alisema. "Ile siku, hakuna mutu alisoma ukuta yangu kama yeye. Ndiyo sababu ilisimama pale."

Nikamkumbuka mheshimiwa alivyosogea kulia, akarudi kushoto, akatulia. Nikakumbuka alivyomtaja nesi, na Keji alikuwa hajamtaja. Vijana wangu bado huniuliza wachore nini, na kwa ukubwa gani, ili wenye madaraka wasiweze kukosa kuelewa. Miaka yote hiyo niliamini kwamba laiti ningeponda betri nyingi zaidi, kufuli lingekuwa kubwa zaidi, naye angeliona. Aliliona. Lingekuwa kubwa zaidi, angekuja tu na watu wengi zaidi wa kusimama mbele ya kufuli hilo.