Huna Ruhusa ya Kuomba Maji

Ofisini kwetu, hapa Isiolo mjini, naitwa mtu wa kompyuta. Maana yake natunza seva ya tovuti yetu, natoa karatasi zilizokwama kwenye printa, na kila Jumatatu namfundisha bosi kufungua barua pepe jinsi nilivyomfundisha Jumatatu iliyopita. Sisi ni shirika dogo la kupeleka maji kwa malori ya tangi wakati wa kiangazi. Zamani wanakamati wa maji wa vijijini walikuja wenyewe kuomba. Bosi akaona wanajaza benchi na kuleta vumbi, akaamuru maombi yote yapitie kwenye tovuti. Maendeleo hayo, na benchi likabaki safi.

Kisha akaenda semina. Mungu atuepushe na semina. Alirudi na mkoba mpya na neno moja tu, usalama.

"Anwani yoyote ya intaneti ikigonga seva yetu mara nyingi kwa dakika moja, funga," akaniagiza. "Hao ni wadukuzi."

Nilimwambia hakuna mdukuzi atakayepoteza usingizi kwa ajili ya maji ya kijiji kama Kulamawe. Akaniuliza kama nilihudhuria semina. Nikafunga. Akataka pia ujumbe wa kukataa uandikwe kwa Kiswahili ili mwananchi aelewe, kwa hiyo tukaandika HUNA RUHUSA kwa herufi nyekundu. Na mwananchi akaelewa.

Wiki ya kupokea maombi ya maji ikafika, ikawa kimya kama makaburini. Bosi alipita na chai yake akitabasamu, akasema sistimu imetulia.

Siku ya mwisho ya wiki hiyo, mchana, aliingia mzee mmoja wa Kulamawe, mwenyekiti wa kamati ya maji ya huko. Alikuwa ametoka mnadani akaona apite kunijulia hali, kwa kuwa marehemu baba yangu alikuwa akimsafirishia mbuzi. Tukaanza na salaam aleikum, tukaenda kwenye nagaa, ile amani ambayo Mborana huuliza kitu kimoja kimoja, watu, mifugo, malisho, mvua isiyokuja. Tulipomaliza yote ndipo akasema, kwa upole wa mtu anayeaga:

"Ile maji, mwanangu, tumesikia mmekataa. Hakuna shida. Mungu iko."

"Nani amekataa, Abba?" nikamuuliza, nikimwita baba kwa Kiborana.

"Hiyo tovuti yenu. Tulipiga hodi mara tatu, ikasema hatuna ruhusa. Ukikatazwa mara tatu unarudi kwako na heshima. Hata hizo kamati zingine zilifanya hivyo."

Nikapandwa na hasira. Pampu ya kisima chao ilikuwa imeungua, na shule ilikuwa ikichota matope chini ya tangi. Saa kumi na moja jioni ukurasa ungejifunga na orodha ya maombi kujituma yenyewe kwa wafadhili Nairobi. Baada ya hapo hata bosi asingeweza kuongeza jina, na malori yangekwenda kwingine.

Nilikimbia kwa bosi. Akafungua ukurasa kwenye kompyuta yake.

"Mbona kwangu inafunguka?"

Kwake ingekosaje kufunguka, na ofisi ina laini yake ya intaneti? Akanishauri nizime na kuwasha, dawa anayoijua kwa seva, redio na pengine ndoa. Nikazima, nikawasha, bure. Seva ilikuwa hai na yenye afya kuliko ng'ombe yeyote wa kaunti hii. Ruhusa za mafaili zilikuwa sawa. Hatimaye nikasoma kumbukumbu za seva, mahali ambapo ningeanzia laiti ningeziba masikio, nikaona anwani chache zile zile zimepigwa marufuku tangu siku ya kwanza.

Simu nyingi za mtandao mmoja huingia kwenye intaneti kwa anwani moja, kama watu wa boma moja wanaotoka kwa lango moja. Kamati zote zilipojaribu asubuhi moja, seva iliona mtu mmoja mwenye kiherehere. Tulikuwa tumewafungia watu wetu wote, na watu wa Nairobi, wenye laini zao wenyewe, tukawaachia lango wazi.

Nikaifuta amri ya semina kwenye faili la mipangilio. Kwa hasira nilifuta na nuktamkato moja isiyohusika, nikawasha bila kupima, na seva ikafa kabisa.

"Unaona?" bosi akapiga kelele. "Tumevamiwa!"

Nikairudisha nuktamkato, nikapima, nikawasha. Ukurasa ukafunguka kwenye simu ya mzee, lakini mzee hakuugusa.

"Mwenye nyumba amesema niingie?"

"Mimi nimefungua, Abba."

"Wewe ni mtoto wa nyumba. Yule alikataa ndiye atakaribisha."

Nikamfuata bosi tena. Alinieleza kwanza kwamba sistimu haikumkataa mtu, iliwachuja tu. Nikamwambia amkaribishe mzee sasa hivi au Jumatatu atajifungulia barua pepe zake mwenyewe. Akaja mpaka mlangoni.

"Karibu, mzee," akasema akiangalia dirisha.

Mzee akashukuru, akaingia, na ombi la Kulamawe likapita. Nilitaka kulia kwa furaha. Ndipo akauliza, "Na wale wengine?"

Nikamwomba awapigie upesi, muda unakwisha. Akapiga. Akaanza na salaam aleikum. Akauliza watu. Nikamwonyesha saa ya ukutani, naye akanitazama kama mtoto aliyekosa adabu, akauliza mbuzi. Kamati ya kwanza iliingia. Ya pili nayo ikaingia, ingawa mwenyekiti wake alikuwa na ndugu wengi wa kujuliwa hali. Alipopiga ya tatu, ilikuwa ni zamu ya ngamia, mmoja mmoja, na sikuwa na uso wa kumkatiza.

Saa kumi na moja ukurasa ulijifunga wenyewe, bila hitilafu yoyote.

Mzee akafunika simu kwa kiganja, akanigeukia akitabasamu.

"Tumemaliza salamu," akasema. "Niwaambie waingie?"