Arubaini ya Tanga

Wiki iliyopita nilipita mbele ya nyumba ya bibi, pale Mji wa Kale, ambayo siku hizi chini yake panauzwa vifuniko vya simu. Nilikuwa na mama upande mmoja na binti yangu upande wa pili, tunatoka ofisi ya vitambulisho mikono mitupu. Mara kutoka dirisha la juu ikanijia harufu ya pilipili manga zinazotwangwa. Wallahi, nusura nikae pale pale barazani nilie.

Kwetu harufu hiyo ilikuwa na maana moja tu: nyumbani kuna mzazi aliyetoka kujifungua.

Nilikuwa mdogo, hata darasa la pili sijafika, mama mdogo aliyeolewa Tanga alipokuja kwa bibi kujifungua. Huenda nawe waijua desturi hiyo. Mimba ya kwanza mwanamke hurudi kwa mamake, azalie huko, amalize arubaini yake, ndipo arudishwe kwa mumewe. Bibi hakutaka mjadala. "Nani atamkanda huko? Mkwewe?" alisema, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka.

Basi nyumba ikageuka. Alfajiri maji ya moto ya kumkanda, chetezo cha ubani kikipitishwa chini ya kitanda, supu ya kuku, na uji wa pilipili manga, ambazo kuzitwanga kulikuwa kazi yangu. Nilitwanga nikipiga chafya, na bibi akinikemea nisitie mate kinuni. Mashemeji wa Tanga wakaja na vikapu vya machungwa ya Muheza, wakarudi na halua na mabofulo, utadhani kwao hakuna mikate. Nilikula machungwa hadi midomo ikaniwasha.

Siku ya kumrudisha mama mdogo nami nilichukuliwa. Nilikuwa nimeambiwa tutapita mpakani, nikawa natazamia ukuta, au angalau mto. Pale Lungalunga nikaona kamba, askari aliyevua kofia kwa joto, na mbuzi wakipita huku na huku bila kuulizwa. Bibi akamsalimu yule askari, akamwuliza hali ya watoto, tukanyoosha miguu, tukapita. "Tanga ni hapo tu," akaniambia alipoona nimesinzia.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Bibi mwenyewe alikuwa binti wa Tanga aliyeolewa Mombasa, na mimba yake ya kwanza aliipeleka kwa mamake vivyo hivyo. Mama yangu akazaliwa Tanga, kabla bendera hizi mbili hazijashonwa, na arubaini ilipokwisha akaletwa Mombasa, asiondoke tena. Kisa hicho mama alikipenda kupita kiasi. Kila mgeni aliyekunywa kahawa kwetu alikisikia: siku hiyo mvua ilivyomwagika, mkunga alivyovuka ua amejifunika sinia kichwani.

Ndicho alichomsimulia kijana wa ofisi ya vitambulisho, tulipokwenda kumwombea binti yangu chake. Babake binti yangu ameshafariki, kwa hivyo tuliambiwa tuje na mkubwa wa upande wangu. Yule kijana alikuwa mpole, alimwamkia mama kwa heshima, akamwuliza amezaliwa wapi. Mama uso ukamnawiri.

"Nalizawa Tanga, mwanangu, kwa nyanyangu. Mvua siku hiyo! Mkunga akaja na sinia kitwani."

Nikamvuta buibui. Hakunielewa, alidhani nataka afupishe, akaruka moja kwa moja hadi kwenye uji.

Kijana akaweka kalamu chini. Akasema tulete uthibitisho kwamba wazazi wa mama walikuwa watu wa hapa, ndipo mjukuu atazamwe.

"Bibi alikwenda kuzaa tu, akarudi," nikamwambia.

"Nimekuelewa, mama. Lakini mimi si wa kuamua."

Kitambulisho cha mama, alichokibeba tangu ujana wake, kilikuwa pale mezani mbele yetu sote. Hao wazazi wake wamezikwa zamani, na wa kuwashuhudia pia wamezikwa. Nilitamani kupiga kelele, ila ningempigia nani? Binti yangu amewekewa nafasi katika ofisi ya kutoa mizigo kule Kilindini, wanamngoja hadi mwisho wa mwezi, na bila kitambulisho watamchukua mwingine. Tulipofika nyumbani alivua viatu mlangoni. Halafu akasema, bila kumtazama nyanyake: "Mimi nikijaliwa, nitazalia hospitali. Hapa hapa kisiwani." Mama akakunja buibui lake polepole, akaingia chumbani.

Tangu hapo tumebisha milango tuliyoijua na tusiyoijua. Kila mtu anatupa pole, na mwezi unakwisha.

Juzi jirani mpya alikuja kututembelea. Mkaza mwanawe ni mjamzito, akataka kujua mambo ya zamani. "Nasikia wewe ni mzawa wa Tanga, bibi," akamwambia mama.

"Nani, mie?" Mama akapangusa kikombe. "Mie nalizawa papa hapa."

Nilingoja aitaje mvua, au walau lile sinia. Akamwuliza mgeni kama kahawa imekolea tangawizi. Bibi yangu hayupo tena kukisimulia kisa kile, binti yangu hataki kukisikia, na mimi, niliyekuwa nikikijua neno kwa neno, niliinama nikaendelea kumimina kahawa.