Albamu yetu ya kwanza ya rock: bendi ya watu watatu, studio niliingia peke yangu

Wakuu, salamu kutoka Kamembe, Rusizi, huku Rwanda. Haya yote yamenipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi hata punje.

Mimi ni fundi cherehani. Ila moyoni ni mpiga gitaa wa rock, na ndoto zangu hazienei kwenye chumba ninachopanga. Mcheke tu, nimezoea.

Bendi ilikuwa mimi, Ciza kwenye drums, na Neema akiimba na kupiga besi. Hao wawili ni wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Walikuwa wanavuka daraja, tunafanya mazoezi nyuma ya duka langu la kushonea, jioni wanarudi kwao.

Tukapata studio hapa Kamembe.

Wiki hiyohiyo mpaka ukafungwa.

Watu hawavuki, lakini malori ya simenti kutoka kiwanda cha huku kwetu Muganza yanavuka. Kwa simu faili zilikuwa nzito, hazifiki. Basi Ciza na Neema wakarekodi kwao, wakawa wanampa flash jirani yangu Mzee Ramazani, dereva wa lori, ananiletea.

Mzee alikuwa anaisikiliza kwanza njiani. Siku moja akaniambia, "Kijana, hii muziki yenu inapiga kelele kushinda injini yangu. Lakini ule mutoto mwanamuke anajua kuimba."

Nikaingia studio sasa. Ukuta mzima trei za mayai, ukikohoa sauti inafia hapohapo. Kwenye headphone Neema anaimba, Ciza anapiga, bendi nzima ipo.

Ukifungua macho, kuna kiti kitupu na nyaya.

Wimbo wa mwisho ukanishinda kabisa. Kwenye mazoezi Ciza alikuwa ananinyooshea kijiti, ndipo naingia na solo. Sikuwahi kujifunza kuhesabu mapigo, nilikuwa namtazama yeye. Sasa kijiti hakipo. Mara nimewahi, mara nimechelewa.

Fundi wa studio akashauri tuutoe, albamu iende bila huo. Nikakataa. Ndio wimbo pekee tuliotunga wote watatu.

Nikampigia Ciza, nikamweleza. Alicheka sana, akasema ningoje lori.

Flash ikaja. Drums ni zilezile, ila kabla ya solo anapaza sauti katikati ya kelele:

"Hassani, ingia sasa, tuko nakungoja."

Nikaingia. Mara moja tu, ikatosha. Kisha nikatoka nje nikajifanya nimeingiwa na vumbi machoni.

Fundi alitaka kuifuta hiyo sauti, eti inachafua wimbo. Nikamwambia akiifuta, albamu abaki nayo.

Ilitoka hivyohivyo. Siku mpaka ulipofunguliwa, Neema alikuwa ameolewa Uvira na Ciza amefuata kazi Kalemie, mbali zaidi. Hatujawahi kuupiga wimbo ule tukiwa wote watatu tena.

Jumapili nikifunga duka, naweka viti vyao palepale, nachomeka gitaa, naanzisha albamu. Wimbo wa mwisho ukifika, Ciza ananiita.

Naingia. Siku hizi sichelewi.

Nilichojifunza wakuu: mkirekodi kitu na watu mnaowapenda, msikisafishe sana. Waacheni wasikike humo ndani.

Na wewe, kuna sauti ya nani hukukubali ifutwe? Andika hapo chini, hata kwa maneno mawili. Nitasoma zote, huku kwangu leo ni kimya.