Nilifundisha watoto habari ya mapacha na roketi, Divine akaacha kula

Wakuu, salaam kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu, na kosa lilikuwa langu.

Mimi Mrundi, nimekulia kambini Kigoma, shule niliishia form two. Nipo Louisville, Marekani, napanga maboksi warehouse huku Okolona. Lakini mambo ya anga nayapenda kupita kiasi! Wenzangu wakiangalia mpira kwenye simu, mimi naangalia nyota zinavyokufa.

Mwaka 2016 mchungaji alinipa watoto wanane wa kanisani, kila Jumamosi niwasaidie homework.

Homework ikiisha, nawapa black holes, yale mashimo meusi ya angani.

Tulishika kitenge pembe zote nne, katikati tukaweka kiazi kikubwa, tukarusha maharage. Yakazunguka, yakaishia kwa kiazi.

"Kiazi kikizidi uzito, hata mwanga ukiingia hautoki," nikawaambia.

"So the light is stuck, uncle Eliya?"

"Umekwama kabisa."

"Kama wewe na Kiingereza!"

Hawa watoto wetu, ukiwauliza kwa Kiswahili wanakujibu Kiingereza. Ila kukucheka, Kiswahili chao kinanyooka.

Jumamosi iliyofuata nikaingia relativity, habari ya muda na kasi. Kuna mfano wa mapacha: mmoja anapanda roketi yenye kasi inayokaribia ya mwanga, mwenzake anabaki. Wa roketi akirudi, anamkuta mwenzake amezeeka.

Sasa kwetu Burundi majina ya mapacha hayatafutwi. Wa kwanza Bukuru, wa pili Butoyi. Nikayatumia hayo hayo.

"Bukuru akaruka, Butoyi akabaki. Bukuru kurudi, Butoyi ana mvi kichwa kizima!"

Watoto wakapiga kelele. Divine, binti wa miaka kumi na miwili, hakucheka.

Jumatatu mama yake akanipigia.

"Eliya mwanangu, umemwambia nini mtoto wangu? Tangu juzi hagusi chakula."

"Nilifundisha tu, mama."

"Jina lake la nyumbani unalijua?"

Nilishaelewa.

Divine ni jina la kwenye makaratasi. Nyumbani ni Bukuru. Na Butoyi, pacha wake, yupo hai. Kambini alikuwa akilala kwa bibi yake, kwa hiyo wakamwandika kwenye kesi ya bibi, yaani faili la kuhamia Marekani. Kesi ya mama ikatoka kwanza, wakaondoka bila yeye, miaka mitatu kabla ya hapo. Bibi na Butoyi ndiyo kwanza walikuwa wamefika Buffalo, na safari ya kwenda kuwaona ilishapangwa.

Sasa Divine alisema haendi.

Nikaenda kwao baada ya shift. Nilimkuta amekaa sakafuni, amekumbatia mto.

"Divine, ile ilikuwa roketi. Ninyi mlipanda ndege."

"Ndege nayo ina kasi."

"Si kama ile."

"Mama anasema kule kambini siku moja ni kama mwaka. So she's old now. Atakuwa mtu mzima, hatanitaka."

Wakuu, shule yangu iliishia hapo. Nikampigia Kamau, rafiki yangu Mkenya anayesoma physics Columbus, nikaweka speaker.

"Sasa Divine, sikiza," Kamau akasema. "Hata ukikaa kwa ndege maisha yako yote, hiyo difference haifiki time ya kupepesa jicho. Nimepiga hesabu, I promise."

"Hata blink moja?"

"Hata nusu."

Divine akamuuliza mama yake kama wali umebaki.

Jumamosi darasa halikuwepo. Niliwapakia mama na Divine kwenye gari langu alfajiri, tukapumzika Columbus kwa chai ya Kamau, jioni tukaingia Buffalo.

Butoyi ndiye aliyefungua mlango.

Hakuwa mzee, wakuu. Alikuwa mdogo.

Sura ile ile, macho yale yale, ila kichwa chake kilifika begani mwa Divine. Huku ni miaka mitatu ya maziwa na lunch ya shule. Kule ni mgao wa unga unaopunguzwa kila mara. Hesabu ya Kamau ilikuwa sahihi, lakini hili hakuna kati yetu aliyelipigia hesabu.

Mama yao aliingia chooni, akafungua maji ya bomba ili tusimsikie.

Bibi akataka picha. Wakasimama bega kwa bega. Nikamwona Divine anampima mwenzake kwa jicho la pembeni, kisha polepole akakunja magoti ndani ya sketi yake ndefu, mpaka mabega yao yakalingana.

Butoyi akageuka kumtazama.

"Simama vizuri, wewe. Nitakufikia."

Divine akasimama, analia na kucheka. Picha nikaipiga hivyo hivyo.

Somo nililolipata: mtoto wa kwetu ukimfundisha habari ya muda na umbali, hesabu tayari anayo nyumbani. Muulize kwanza amemwacha nani. Darasa bado naliendesha, ila siku hizi naanza kwa kuuliza.

Ninyi mnaofundisha watoto huko mliko, mngemjibuje Divine pale sakafuni? Niambieni bila kunionea haya.