Simu Ibaki Chuoni

Tangazo la chuo kimoja cha kaskazini ya mbali lilisema biolojia ingefundishwa nje: baharini, juu ya barafu, pamoja na watu wanaoishi kwa kuwinda sili wa baharini, kuvua samaki na kuokota mayai ya ndege wa magengeni, kwenye miamba mirefu. Ada hakuna. Nilikuwa mtumishi wa ndani Dubai, na cheti changu cha kidato cha sita kililala chini ya sanduku. Nikaomba nafasi.

Dada mpishi, mwanamke wa Tanga niliyeishi naye chumba kimoja, alilisoma tangazo mara mbili akitafuta mtego. "Bure, mdogo wangu? Utafika huko uozwe dubu."

Mimi pia sikuliamini sana. Lakini kilichonitia wasiwasi zaidi kilikuwa mle nyumbani. Sir, mwenye nyumba, ambaye siku zote alizungumza nami habari za kahawa tu na usafi wa chumba cha vipanga wake wa kuwindia, alisikia kwa madam kwamba nataka kusoma kaskazini, akaniita. Tiketi angelipa yeye. Kisha, huku akimlisha kipanga mmoja vipande vya kware, akauliza kama huko wapo vipanga weupe. Nikasema sijui.

"Ukiwaona nipigie picha," akasema. "Washa na ramani, nijue ni wapi."

Nilifagia manyoya nikijiuliza: anayetaka picha tu, ramani ya nini?

Mahojiano yalikuwa kwa simu ya video, siku yangu ya mapumziko. Mwalimu aliketi na bibi mmoja wa kijijini. Akanieleza kwamba ardhi ni ya kijiji, na mwanafunzi ambaye kijiji hakimtaki hapokelewi. Bibi hakuuliza lolote kuhusu seli wala damu. Mwalimu akatafsiri swali lake moja: huyo ninayemfanyia kazi Dubai, anafuga vipanga?

Kumbe na wao walikuwa wananishuku. Mwalimu alieleza kwa sauti ya chini kwamba waliwahi kuja watu wakijiita wanafunzi, na walipoondoka viota vya vipanga weupe vilikutwa vitupu.

Dada mpishi, aliyejibanza nyuma ya simu, alinitikisia kichwa kwa nguvu: sema hapana, nafasi isikupotee.

"Anao watatu," nikasema. "Na ameniomba picha za weupe, na mahali walipo."

Bibi alisema maneno machache. Mwalimu akayatafsiri: "Siku za magengeni simu yako itabaki chuoni. Na utatembea mbele ya bibi, si nyuma."

"Kwa hiyo nimekubaliwa?"

"Umekubaliwa kuangaliwa."

Jioni nilimweleza sir sharti la simu. Akavua glavu taratibu. "Khalas, basi. Mwaka mwingine, inshallah." Tiketi haikutajwa tena. Huenda nilimdhania vibaya, sikuwahi kumuuliza.

Dada mpishi yeye hakuwa na shaka kwamba alitaka kunituma kwa wizi. Niliposema tiketi nitajinunulia, alitoa koti zito aliloachiwa na madam wake wa zamani, akapindua mifuko yote nje mbele ya macho yangu, mmoja mmoja, ndipo akanikabidhi.

"Umeona mwenyewe," akasema. "Mimi sijakutuma kitu."